Mahali pa Kuweka Kamera: Shoti na Pembe Katika Utengenezaji wa Filamu

Shoti ni kipande cha picha kinachorekodiwa bila kukatika, tangu kamera inapoanza hadi inaposimama. Filamu nzima, iwe ya dakika tano au ya saa tatu, hujengwa kwa vipande hivyo. Kabla ya kurekodi kila kimoja, muongozaji na mpigapicha huamua mambo manne: kamera iwe umbali gani na mhusika, iwe kwenye kimo gani, imtazame kutoka upande upi, na itulie au isogee. Mtazamaji haambiwi lolote kuhusu maamuzi hayo, lakini ndiyo yanayomfanya amwonee mhusika huruma, amtilie shaka au amwogope. Kwa hiyo kila shoti inapaswa kuwa na sababu inayoweza kutajwa kwa sentensi moja: kwa nini kamera imewekwa hapa na si pale.

Uzito wa uamuzi huo ulionekana tangu enzi za filamu za kwanza. Ndugu Auguste na Louis Lumière wa Ufaransa walionyesha mwaka 1896 filamu fupi ya treni ikiingia stesheni ya La Ciotat. Ni shoti moja tu, na kamera haisogei. Hata hivyo, kamera iliwekwa jukwaani kando ya reli, ikaitazama treni kwa mshazari. Kwa sababu ya pembe hiyo, treni inaanza ikiwa ndogo kwa mbali, inakua, inapita ukingoni mwa picha, kisha abiria wanakatiza karibu kabisa na kamera. Lau kamera ingetazama reli kutoka ubavuni moja kwa moja, treni ingekatiza fremu kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kumkaribia mtazamaji. Kilichotofautisha picha hizo mbili ni mahali pa kusimama, na hilo halihitaji fedha.

Ukubwa wa shoti

Ukubwa wa shoti hupimwa kwa sehemu ya mwili wa mtu inayoonekana ndani ya fremu.

Shoti ya mbali sana huonyesha mahali zaidi kuliko mtu. Mhusika huwa mdogo ndani ya bonde, ufuo au mtaa. Huutambulisha ulimwengu wa hadithi, na pia huonyesha upweke au hatari inayokuja. Katika Lawrence of Arabia (1962), muongozaji David Lean na mpigapicha Freddie Young walimwingiza mhusika aliyechezwa na Omar Sharif kama nukta nyeusi ndani ya mazigazi ya jangwani, wakaiacha shoti iendelee huku nukta ikigeuka kuwa mpanda ngamia. Waliopo kisimani hawajui kama anayekuja ni rafiki au adui, na mtazamaji hana budi kusubiri pamoja nao. Shoti ya namna hii hudai muda. Ikikatwa baada ya sekunde mbili, jicho halijapata nafasi ya kuzunguka ndani ya picha. Filamu itakayotazamwa zaidi kwenye simu inahitaji uangalifu wa ziada hapa: shoti ya mbali sana iwe na kitu kimoja kilicho wazi, kinachojitenga na mandhari kwa rangi au kwa mwendo, la sivyo kitapotea kwenye kioo kidogo.

Shoti ya mbali humwonyesha mtu kutoka kichwani hadi miguuni. Hufaa pale mwili wote unaposema jambo: mwendo wa mchovu, ngoma, ugomvi, mtu anayesita mlangoni. Shoti ya mapajani huishia juu kidogo ya magoti; ilizoeleka katika filamu za Marekani za wapanda farasi, kwa kuwa iliionyesha bastola kiunoni bila kuupoteza uso. Shoti ya kati huanzia kiunoni, na ndiyo inayobeba mazungumzo mengi, kwa sababu mikono na uso huonekana pamoja. Kwa watu wanaozungumza kwa mikono, kama ilivyo katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, kukimbilia uso mapema ni kutupa nusu ya mazungumzo.

Shoti ya karibu huonyesha uso, na mara nyingine sehemu ya mabega. Shoti ya karibu sana huchukua macho peke yake, mdomo, au kidole kwenye kitufe. Zote mbili humweleza mtazamaji kwamba kilichomo sasa ndicho muhimu kuliko vyote. Ndiyo sababu zikitumika mfululizo hupoteza nguvu: kila kitu kikisisitizwa, hakuna kilichosisitizwa. Busara ni kuziweka akiba kwa ajili ya pale uamuzi unapofanyika, siri inapojulikana au mhusika anapojaribu kuficha anachohisi. Katika mazungumzo, uso wa anayesikia mara nyingi hustahili shoti ya karibu kuliko uso wa anayesema.

Nguvu ya ukubwa hutokana pia na kilichotangulia. Katika The Good, the Bad and the Ugly (1966), Sergio Leone aliupanga mpambano wa mwisho makaburini kwa kuanza na watu watatu wadogo ndani ya uwanja mpana wa mviringo, kisha akawakaribia hatua kwa hatua hadi mikono, bastola na macho tu vikabaki kwenye fremu. Alfred Hitchcock alifanya kinyume cha hatua hizo ndogondogo katika Psycho (1960). Mpelelezi anapanda ngazi. Kamera inaruka juu kabisa, karibu na dari, mshambuliaji anatokea, na ghafla uso wa mpelelezi unajaza kioo. Mruko huo kutoka picha pana hadi uso ndio unaoshtua. Isitoshe, kamera ya juu iliuficha uso wa mshambuliaji bila mtazamaji kuhisi kwamba anafichwa jambo. Shoti moja ilifanya kazi mbili.

Kupanga kilichomo ndani ya fremu

Makosa mengi ya wanaoanza yako kwenye kingo za picha. Fremu isikate mwili kwenye viungo: shingoni, kiwikoni, gotini au kwenye kifundo cha mguu. Mkato wa hapo humfanya mtu aonekane kana kwamba amekatwa kiungo. Ukate katikati ya mfupa, yaani kifuani, katikati ya paja au ya muundi. Nafasi juu ya kichwa iwe ndogo. Ikizidi, mhusika huonekana anazama chini ya fremu. Katika shoti ya karibu, macho yakae takribani theluthi moja kutoka ukingo wa juu, hata kama sehemu ya nywele au ya kilemba itakatwa. Mtu anayetazama au kutembea kuelekea upande fulani aachiwe nafasi mbele yake. Nafasi hiyo ikihamishiwa nyuma yake, mtazamaji huanza kuhofia kinachoweza kutokea mgongoni, jambo linalofaa tu pale hofu hiyo inapokusudiwa.

Umbali halisi wa kamera nao hubadilisha sura. Kamera ikisogezwa sentimita chache kutoka usoni, pua hukua na masikio hurudi nyuma, kwa sababu pua iko karibu zaidi na lenzi kwa uwiano mkubwa. Lenzi kuu ya simu nyingi ni pana, na humshawishi mpigapicha kumsogelea mtu kupita kiasi ili kuujaza uso. Namna bora ni kurudi nyuma hatua mbili tatu na kutumia lenzi ndefu ya simu hiyo, ikiwa ipo. Kuvuta picha kwa programu bila lenzi ya pili hukuza chembechembe na kupunguza ubora, hivyo hufaa kwa kiasi kidogo tu.

Kimo cha kamera

Kamera iliyo usawa wa macho humweka mtazamaji sawa na mhusika, na hapo ndipo pa kuanzia. Lakini macho yanayozungumziwa ni ya mhusika, si ya mpigapicha. Katika nyumba nyingi za Waswahili watu hukaa mkekani, kwenye kigoda au kwenye ukingo wa baraza. Stendi ya kamera ikiachwa kwenye kimo cha mtu aliyesimama, watu hao hurekodiwa kwa kutazamwa utosini, na heshima yao hupungua bila mtu yeyote kukusudia. Muongozaji wa Kijapani Yasujirō Ozu, aliyetengeneza Tokyo Story (1953), aliishusha kamera chini, karibu na mikeka ya tatami ambayo wahusika wake waliikalia, akaiacha humo kwa sehemu kubwa ya filamu zake. Kwa watoto kanuni ni ile ile: kamera ishuke hadi machoni pao, isipokuwa pale hadithi inapotaka waonekane wadogo mbele ya wakubwa.

Kamera ikiwekwa chini na kutazama juu, mhusika hurefuka na mara nyingi huonekana mwenye nguvu. Ikiwekwa juu na kutazama chini, hupungua na kuonekana dhaifu. Maelezo haya ni sahihi kwa kiasi, lakini yakigeuzwa kuwa amri hupotosha. Katika Citizen Kane (1941), Orson Welles na mpigapicha Gregg Toland walitoboa sakafu ili kamera iweze kushuka chini kabisa, na mojawapo ya maonyesho yaliyopigwa hivyo ni la usiku ambao Kane ameshindwa uchaguzi. Mtu mkubwa kama mnara anatembea akiwa ameshindwa, chini ya dari inayoonekana kumbana. Pembe ya chini hapo inaonyesha ukubwa wa mtu na ukubwa wa anguko lake kwa pamoja. Maana ya pembe hutokana na hadithi inayoizunguka.

Mfano wa manufaa zaidi kwa mwenye bajeti ndogo ni 12 Angry Men (1957) ya Sidney Lumet, iliyopigwa na Boris Kaufman. Karibu filamu yote inatokea ndani ya chumba kimoja, ambamo watu 12 wa jopo la mahakama wanajadili hatima ya kijana mshtakiwa. Theluthi ya kwanza ilirekodiwa juu ya usawa wa macho, theluthi ya pili kwenye usawa wa macho, na ya mwisho chini yake, hadi dari ikaanza kuonekana. Wakati huo huo, lenzi zilizotumika ziliendelea kuwa ndefu, na kuta zikaonekana kuwasogelea wahusika. Filamu inapofika mwisho na wahusika kutoka nje, kamera inapanda juu kwa lenzi pana, na mtazamaji anapata hewa. Chumba hakikubadilika, kilichobadilika ni kimo na lenzi, kwa mpango uliowekwa kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi.

Zipo pembe mbili za kutumiwa kwa uchache. Shoti ya kutoka juu kabisa, inayotazama chini wima, hugeuza watu kuwa maumbo, na hufaa kwa umati, meza ya chakula au mtu aliyelala. Shoti ya kuinamisha, ambamo upeo wa macho umelazwa upande, huashiria kwamba mambo hayako sawa. The Third Man (1949) ya Carol Reed iliitumia mara nyingi, na hadithi yake iliistahimili: Vienna baada ya vita, mji wa magofu ambamo kila mtu anaficha jambo. Katika mazungumzo ya kawaida, picha iliyoinama huonekana kama stendi iliyolegea.

Upande wa kamera

Watu wawili wanapozungumza, kuna mstari wa kufikirika unaowaunganisha. Kamera ikichagua upande mmoja wa mstari huo, ibaki ndani ya nusu duara ya nyuzi 180 ya upande ule. Kwa kufanya hivyo, anayetazama kulia ataendelea kutazama kulia, na mwenzake kushoto, katika kila shoti. Kamera ikivuka, wote wawili wataonekana wakitazama upande mmoja, na mtazamaji hatajua tena nani yuko wapi. Matangazo ya mpira hufuata kanuni hii: kamera kuu huwekwa upande mmoja wa uwanja, ili timu inayoshambulia kuelekea kulia isionekane ghafla inashambulia kushoto. Mstari unaweza kuvukwa kwa njia ya wazi: kamera isogee ikivuka huku mtazamaji akiona, au mhusika ahame na kuunda mstari mpya, au iwekwe katikati shoti iliyo juu ya mstari wenyewe.

Shoti ya juu ya bega humwonyesha anayesema huku bega la mwenzake likiwa mbele. Huwaunganisha wawili hao. Bega likiondolewa, kila mmoja hubaki peke yake katika fremu, na hali hiyo hufaa uhusiano unapovunjika. Jozi ya shoti hizi ilingane kwa ukubwa, umbali na kimo, isipokuwa tofauti inapokusudiwa. Shoti ya jicho la mhusika huonyesha anachokiona yeye, na huhitaji kutanguliwa au kufuatwa na uso wake, ama sivyo mtazamaji hatajua ni jicho la nani.

Shoti mbili za mtu yule yule zinazofuatana zitofautiane kwa pembe isiyopungua nyuzi 30, na ni vyema zitofautiane kwa ukubwa pia. Tofauti ikiwa ndogo mno, mkato huonekana kama picha imeruka kwa hitilafu.

Kamera inayosogea

Kamera isogee pale jambo linaposogea: mhusika anatembea, habari mpya inafichuliwa, au fikra inabadilika. Inaweza kugeuzwa kulia na kushoto ikiwa palepale, kuinuliwa na kuinamishwa, kusukumwa kwa kigari, kubebwa mkononi au kurushwa kwa droni. Kila mwendo uwe na mwanzo uliotulia na mwisho uliotulia, angalau sekunde tatu kila upande, ili mhariri apate mahali pa kukatia. Katika kugeuza kamera, kitu kimoja kichukue takribani sekunde saba kuvuka fremu. Kasi ikizidi hapo, picha hutetemeka na kuumiza macho, isipokuwa kamera inapomfuata mtu anayekimbia.

Kigari cha bei kubwa si lazima. Mpigapicha Raoul Coutard alirekodi sehemu za À bout de souffle (1960) ya Jean-Luc Godard akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu kilichosukumwa na muongozaji mwenyewe. Sakafu laini na msukumaji mtulivu vinatosha. Kamera ya mkononi hufaa kwa vurugu, haraka na ukaribu. Anayeishika aibane kwa mikono miwili, viwiko vikiegemea mbavu. Zumu hukuza picha bila kubadilisha mahali pa kamera, hivyo haileti hisia ya kukaribia kama inayoletwa na hatua halisi. Droni nayo, kabla ya kurushwa, ipatiwe ruhusa ya mamlaka za usafiri wa anga, kama sheria za Tanzania na Kenya zinavyotaka.

Kutoka muswada hadi orodha ya shoti

Orodha ya shoti huandikwa kabla ya siku ya kurekodi. Uchukuliwe mfano wa onyesho fupi: jioni, kijana anarudi nyumbani kumweleza baba yake, aliyekaa mkekani barazani, kwamba ameliuza shamba la familia.

Shoti ya kwanza ni ya mbali: nyumba, baraza, baba akiwa mdogo upande wa kulia, kijana akiingia uani kutoka kushoto. Inatambulisha mahali na umbali kati ya wawili hao. Ya pili ni ya kati, kwenye kimo cha mkeka. Miguu ya kijana inaingia kwenye fremu, kisha anainama na kusema, "Shikamoo baba." Kamera haipandi kumfuata, yeye ndiye anayeshuka hadi kimo cha mzee. "Marahaba, karibu." Ya tatu na ya nne ni za juu ya bega, jozi iliyo upande mmoja wa mstari, wakati wakijuliana hali. Ya tano ni ya karibu sana: mkono wa kijana ukiikamata bahasha ndani ya mfuko wa kanzu. Ya sita ni uso wa baba, peke yake, kijana anapotamka kwamba ameuza. Bega la mwana limeondoka kwenye fremu. Ya saba inarudi mahali pa ile ya kwanza: baba anainuka na kuingia ndani, na kijana anabaki mkekani.

Shoti saba zinatosha, na kila moja ina sababu yake. Hazirekodiwi lazima kwa mpangilio wa hadithi. Karibu na ikweta jua huzama upesi na mwanga mzuri wa jioni haudumu, hivyo ya kwanza na ya saba, zinazoonyesha anga, zirekodiwe kwanza. Shoti zote zinazotazama upande mmoja zifuatane, ili taa zisihamishwe mara mbili. Waigizaji walirudie onyesho zima katika shoti za juu ya bega na katika shoti ya uso, kusudi mhariri awe na uhuru wa kuchagua wakati wa kukata. Msaidizi mmoja aandike mkono upi ulishika bahasha na katika neno lipi.

Kabla ya kuondoka kwenye lokesheni, picha zikaguliwe papo hapo: macho yanatazamana kutoka pande zinazopaswa, jozi za shoti zinalingana kwa kimo, fokasi iko machoni, na kila shoti ina sekunde za ziada mwanzoni na mwishoni. Kasoro ikigundulika wakati waigizaji bado wako katika mavazi yao, kuirudia shoti huchukua dakika chache. Ikigundulika kwenye uhariri, itahitaji watu wale wale, mahali pale pale na mwanga ule ule, na mara nyingi vitatu hivyo havipatikani tena kwa pamoja.